Rosterman na dhahabu ya Kakamega: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rosterman ni wapi, na jina hilo limetoka wapi?

Ni mtaa ulio kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Jina ni la kampuni, Rosterman Gold Mines, iliyochimba dhahabu hapo kuanzia 1935 hadi 1952. Kampuni ilifunga virago zamani, jina likabaki. Leo ukimwambia mtu wa bodaboda "nipeleke Rosterman" hakuulizi mara mbili.

Mji wa Kakamega wenyewe haukuzaliwa na dhahabu, ingawa wengi huamini hivyo. Serikali ya kikoloni ilihamisha makao ya wilaya ya North Kavirondo kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, miaka 11 kabla ya mtu yeyote kupiga kelele ya dhahabu. Kilichofanywa na dhahabu ni kuitoa Kakamega kwenye vitabu vya bwana DC na kuipeleka hadi kwenye magazeti na bunge la London.

Watu wa hapa ni nani?

Kakamega na viunga vyake ni nchi ya Waisukha, Waidakho na Watsotso, wakipakana na Wakabras, Watirichi, Wamaragoli na Wawanga. Wote leo huitwa Waluhya, lakini jina hilo la pamoja lilianza kukubalika miaka ya 1930 na 1940, katika siku zilezile za dhahabu, pale watu walipoona kwamba kila ukoo ukiongea peke yake hakuna anayesikiliza. Waisukha na Waidakho ndio wenye ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ndio pia wenye mchezo wa kupiganisha mafahali. Atakayefika Khayega au Malinya siku ya mafahali ataelewa upesi watu hawa wanapenda nini.

Je, wenyeji walijua kwamba wamekaa juu ya dhahabu?

Swali hili huchukulia kwamba dhahabu ni mali kila mahali na kila wakati. Hapa mali ilihesabiwa kwa ng'ombe. Madini ya maana yalikuwa chuma, na Wasamia walisifika kote kwa uhunzi wao. Majembe yao yalisafiri mbali, mengine yakatolewa mahari. Jembe lilikupa chakula. Chembe za manjano kwenye mchanga wa mto hazikukupa chochote, mpaka siku alipokuja mtu aliyekuwa tayari kukufukuza shambani kwa ajili yake.

Nani aliigundua?

Jina linalotajwa ni la L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima upande wa Turbo, karibu na Eldoret. Mwaka 1931 alipata dhahabu katika eneo la Mto Yala, na habari haikukaa.

Kila ninapojibu swali hili huongeza jambo moja. Kupima mchanga wa mto ni kazi ya mikono mingi. Kuna wa kuchimba, wa kubeba, wa kuchota maji, wa kuzungusha karai, na wa kuonyesha kivuko kiko wapi na kijito gani hakikauki Januari. Watu hao walikuwepo siku ile. Majina yao hayakuandikwa popote ninapopajua, na ndiyo sababu historia ya Rosterman husomwa kama orodha ya Wazungu na aunsi walizopata.

Kwa nini mbio za dhahabu zilianza 1931 na si mwaka mwingine?

Kwa sababu walowezi walikuwa wameishiwa. Nzige walikuwa wameivamia Kenya tangu 1928. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukaporomosha bei ya mahindi, na mkulima wa Uasin Gishu aliyekopa benki akawa na ghala lililojaa na mfuko mtupu. Septemba 1931 Uingereza nayo ikaacha kufunga sarafu yake na dhahabu, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Mwaka 1934 Marekani ikaweka bei ya dola 35 kwa aunsi, kutoka dola 20.67.

Unganisha hayo matatu: mkulima mwenye deni, zao lisilo na bei, na jiwe ambalo bei yake inapanda wakati kila kitu kinashuka. Walowezi wa Eldoret walichanga wakaunda chama chao, Eldoret Mining Syndicate, wakateremka na mahema yao. Punde wakaja wengine kutoka Nairobi, Afrika Kusini na kwingineko.

Mwaka 1932 serikali ilimwita Sir Albert Kitson, mwanajiolojia aliyekuwa ameongoza idara ya jiolojia ya Gold Coast (Ghana ya leo), aje akague. Ripoti yake ilitia moyo. Kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Hiyo dhahabu ilifikaje huku?

Kwa ufupi: miamba ya hapa ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ni ya ukoo mmoja na ile ya Migori na ya Geita kule Tanzania, kuzunguka Ziwa Victoria. Zamani sana maji ya moto kutoka chini yalipita kwenye nyufa za miamba, yakaacha jiwe jeupe la kwatzi lenye chembe za dhahabu ndani. Mkanda huo ndio wachimbaji wanaouita rifu. Mvua ilipoula mwamba wa juu kwa muda mrefu, chembe zikateremka hadi mitoni. Ndiyo maana mbio zilianza kwenye mito, na ndiyo maana hazikuishia huko. Mchanga wa mto huisha upesi, na anayetaka zaidi lazima afuate rifu chini ya ardhi, chini ya shamba la mtu.

Nimesikia kuhusu ahadi ya ardhi iliyovunjwa. Ilikuwa nini hasa?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi ya wenyeji, Native Lands Trust Ordinance. Maudhui yake yalikuwa mepesi kuelewa. Maeneo yaliyotengewa Waafrika yatakuwa yao milele. Ikitokea lazima serikali ichukue kipande kwa manufaa ya umma, basi Baraza la Wenyeji la wilaya litaulizwa kwanza, na ardhi nyingine ya ukubwa na thamani ileile itatolewa badala yake. Maofisa walilieleza jambo hilo barazani kama mkataba, na watu walilipokea kama mkataba.

Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana. Desemba 1932, chini ya gavana Sir Joseph Byrne na kwa kibali cha waziri wa makoloni Sir Philip Cunliffe-Lister, baraza la kutunga sheria Nairobi lilibadilisha sheria hiyo kwa siku chache tu. Ardhi ikichukuliwa kwa ajili ya uchimbaji madini, serikali haikuwa tena na wajibu wa kutoa ardhi badala yake. Fidia ya pesa ingetosha. Na ule wajibu wa kuliuliza baraza kwanza ukaondolewa.

Serikali ilijitetea kwamba wilaya imejaa watu na hakuna ardhi jirani ya kubadilishana, tena kwamba mchimbaji hakai milele, akimaliza shamba litarudi. Nimejaribu kuusoma utetezi huo kwa haki. Lakini hoja kwamba ardhi haitoshi ndiyo iliyokuwa sababu kubwa zaidi ya kutoichukua. Pesa ya fidia huliwa msimu mmoja. Shamba lina kaburi la baba, migomba ya mama, na mpaka ambao wazee waliupanda kwa miti na kuutolea ushahidi. Ukimpa mtu noti kwa hayo yote, umemfanya kuwa mtu asiye na kwao.

Neno "milele" lilidumu miaka 2.

Watu walinyamaza tu?

La hasha. Wazee na vijana waliosoma misheni walipeleka malalamiko yao kwa maofisa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter na kuundwa mwaka uleule wa 1932, ilipokea ushahidi kutoka North Kavirondo, na hofu ya dhahabu ilikuwa sehemu ya ushahidi huo. Archdeacon W. E. Owen wa kanisa la Anglikana, aliyefanya kazi Nyanza miaka mingi, aliandika na kupinga hadharani. Mapema 1933 suala hilo likajadiliwa katika bunge la Uingereza. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 kikaundwa chama cha North Kavirondo Central Association, na ardhi ilikuwa kwenye ndimi za wanachama wake kila walipokutana.

Sheria haikurudishwa ilivyokuwa. Lakini yeyote anayeandika kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu hajasoma ushahidi wao.

Kazi mgodini ilikuwaje?

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mahema na karai. Mchimbaji mmoja mmoja alijipimia kiwanja, akapigilia vigingi, akaajiri vijana wachache. Wazungu walifika karibu elfu moja wakati mbio zilipopamba moto. Kisha makampuni yenye mtaji yakawameza wadogo. Rosterman ndiyo iliyodumu na kuzidi nyingine zote: katika miaka yake 17 ilitoa zaidi ya aunsi 250,000, karibu tani 8 za dhahabu.

Waafrika walioingia chini kuitoa walikuwa maelfu. Wengi walikuwa wa karibu, na hilo lilikuwa jambo jipya. Kabla ya hapo kijana wa Kavirondo aliyetaka pesa ya kodi ya kibanda alipanda gari moshi kwenda mashamba ya walowezi au bandari ya Mombasa, akarudi baada ya miezi. Sasa angeweza kushuka shimoni alfajiri na kulala kwao, shamba likaendelea kulimwa. Wazee waliobahatika kuzeeka na kumbukumbu hizo walikuwa na mapenzi na chuki kwa Rosterman kwa wakati mmoja, na nadhani walikuwa na haki ya vyote viwili.

Na wanawake?

Vitabu vingi huwapita. Watu maelfu wanaofanya kazi ya sulubu lazima wale, na chakula hicho hakikutoka Ulaya. Mahindi, ndizi, maharage, kuku na mboga za kienyeji zilibebwa vichwani kutoka vijiji vyote vya jirani hadi kambini. Kukhu (bibi) wengi wa upande huu waliionja sarafu yao ya kwanza hapo, si kwa dhahabu bali kwa debe la mahindi. Wahindi wenye maduka nao walipata soko, na kwa kuwa reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901 na tawi la Butere likakamilika 1930, bidhaa na mashine hazikuwa na safari ndefu ya barabara.

Msitu wa Kakamega uliathirika?

Ndiyo. Shimo refu lazima liwekwe magogo ya kushikilia kuta na dari, na mashine zilitaka kuni. Miti ilikatwa kwa wingi. Msitu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1933, katikati ya mbio hizo, na hata hivyo ukataji kwa vibali uliendelea miaka mingi.

Kwa nini mgodi ulifungwa 1952?

Rifu lilikwenda chini, gharama zikapanda juu. Kila futi unayoongeza inahitaji kuvuta maji zaidi, na Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Gharama za mashine na vifaa zilipanda wakati wa vita na baada ya vita, lakini bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa palepale kwenye dola 35. Kampuni inayouza kwa bei ya 1934 na kununua kwa bei ya 1952 haifiki mbali.

Ni kweli jina Ikolomani linatokana na neno la Kiingereza?

Ndivyo wenyeji wengi wanavyosimulia: Wazungu walisema "gold mine", ulimi wa Kiidakho ukalilainisha likawa Ikolomani. Leo ni jina la jimbo la uchaguzi. Binafsi nalipenda simulizi hili, kwa sababu linaonyesha watu waliolichukua neno la mgeni na kulifanya lao.

Bado kuna dhahabu? Nani anachimba sasa?

Ipo, na inachimbwa kila siku. Katika Rosterman na vijiji vya Ikolomani vijana huchimba kwa sururu, nyundo na tindo, wengine wakifuata mapango yaliyoachwa na wakoloni. Makampuni nayo yamerudi kutafiti. Mradi unaoitwa West Kenya ulinunuliwa na Shanta Gold kutoka Barrick mwaka 2020, na maeneo ya Isulu na Bushiangala ndiyo yanayotajwa zaidi.

Lakini niruhusu nikuonyeshe jambo dogo zaidi ya hilo. Mama ameketi chini ya kivuli cha turubai, miguu imenyooka. Mbele yake kuna jiwe bapa, na juu ya jiwe hilo ameweka pete iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Anatia kipande cha kwatzi ndani ya pete, anakigonga kwa nyundo fupi, na pete inazuia vipande visiruke machoni. Gonga, gonga, mpaka kiwe kama mahindi yaliyoparazwa. Anamimina kwenye ndoo. Ndoo ikijaa inakwenda kusagwa kwa mashine iwe unga, kisha unga unasukwasukwa kwenye karai la maji. Mchanga mwepesi unamwagika ukingoni, mzito unabaki. Karai linainamishwa kuelekea jua, kila mtu ananyamaza. Ikiwa ipo, utaona mkia mwembamba wa manjano chini ya mchanga mweusi, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Mara nyingi haupo. Anayegonga mawe hulipwa kwa ndoo, upatikane usipatikane, na malipo yake ndiyo ya chini kuliko yote kambini.

Zebaki ina hatari gani?

Kubwa, na nitasema bila kuzunguka. Zebaki hutiwa kwenye karai ili ikamate chembe ndogo za dhahabu, kisha bonge hilo huchomwa. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Ule mvuke hauonekani vizuri na haunuki, kwa hiyo mtu huuvuta bila kujua. Huharibu neva na figo. Mikono huanza kutetemeka, kumbukumbu hupungua. Mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Inayomwagika mtoni hugeuzwa na vijidudu vya maji kuwa aina mbaya zaidi, ikaingia kwenye samaki.

Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka nchi zipunguze matumizi haya na kuyakomesha inapowezekana. Wakati huo haujafika, yafuatayo hayangoji sheria: usichome ndani ya nyumba wala jikoni, usichome karibu na watoto, usitumie sufuria ya chakula, usiishike kwa mkono mtupu. Kifaa cha kunasa mvuke, kile chungu cha chuma chenye bomba la kuupoza, huirudisha zebaki kuwa kimiminika na unaitumia tena. Kinalinda kifua na kinaokoa pesa.

Nikipata dhahabu shambani mwangu, ni yangu?

Hapana. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaweka madini yote katika ardhi ya umma, chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, hata kama hatimiliki ya shamba ni yako. Wewe una haki juu ya uso wa ardhi, na fidia ukisumbuliwa. Sheria ya Madini ya 2016 inatoa kibali cha uchimbaji mdogo kwa Wakenya, na inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya pale madini yanapotoka. Hiyo 10 ndiyo ya kuifuatilia. Uliza barazani, uliza kwa maandishi, na uweke nakala.

Kununua na kuuza dhahabu pia kunahitaji leseni. Na ukipigiwa simu na mtu mwenye "dhahabu nyingi ya bei rahisi", kata simu.

Naweza kuja kutazama?

Karibu. Piga hodi kwanza: mtafute liguru (mzee wa kijiji) au mwenye shamba, umwambie unataka nini. Usipige watu picha kabla ya kuomba. Na usiingie shimoni kwa hali yoyote, hasa miezi ya mvua. Udongo uliolowa huteleza bila onyo, na mapango ya zamani hujaa maji yanayoweza kupasukia kwenye shimo la jirani. Familia za hapa zimezika vijana wa kutosha.

Babu yangu alifanya kazi Rosterman. Nitapata wapi kumbukumbu zake?

Anza nyumbani, kwenye sanduku la bati au kwenye dari ya jikoni. Tafuta kipande, kile kitambulisho cha kazi. Sheria ya kikoloni ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea nacho, kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na ndani yake mwajiri aliandika jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na mshahara. Wengi walikitupa kwa hasira siku kilipofutwa, lakini si wote, na karatasi iliyokunjwa ndani ya chuma huishi muda mrefu.

Kisha nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, uombe ripoti za mwaka za wilaya ya North Kavirondo, baadaye North Nyanza, za miaka ya 1930 na 1940. Jina la babu huenda usilione humo, kwa maana ripoti hizo hutaja vibarua kwa idadi. Ila utajua mwaka ambao watu wa kwenu walikuwa wengi mgodini. Ukiwa na mwaka huo mkononi, rudi kijijini ukakae na mzee aliyebaki, umuulize ni nani mwingine alishuka naye, walipitia njia gani asubuhi, na nani hakurudi. Andika majina yote, pamoja na jina la ukoo na mlango.